Utepe wa Akiba

Mliosoma wiki iliyopita mnakumbuka niliishia wapi. Nimepiga magoti sakafuni, simu yangu imezama kwenye ndoo ya kufulia, na mke wangu amesimama mbele yangu akiningoja niape.

Niliapa. Niliapa kwa kichwa cha binti yetu kwamba sitaugusa tena ule mchezo wa mtandaoni uliokwisha kunila miaka miwili ya maisha yangu. Mke wangu akafuta machozi, akaninunulia simu ndogo ya vitufe ya kupiga na kutuma ujumbe tu, na wengi wenu, mkikisia kwamba niliapa, mmeniandikia kunipongeza.

Poleni. Kiapo kile kilidumu siku tisa.

Siku ya kumi nilinunua simu ya pili, nikaificha kazini ndani ya boksi la glavu kubwa ambazo hakuna anayezivaa.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana leo bila hiyo hamtanielewa. Mimi ni mtakasa vifaa hospitalini. Visu, mikasi na vibanio vikitoka kwa mgonjwa mmoja vinaletwa kwangu vikiwa na damu. Navisugua, navikausha, navifunga seti moja moja kwenye kitambaa kizito, halafu naviingiza kwenye mashine ya mvuke. Vikitoka humo ndipo vinaporuhusiwa kumgusa mgonjwa mwingine.

Mashine yenyewe tunaiita Shangazi, kwa sababu ukiipuuza inapiga kelele mpaka uitikie.

Kila seti inafungwa kwa utepe maalumu. Utepe huo una mistari iliyopauka, karibu huioni. Mvuke wa kutosha ukiufikia, mistari inageuka myeusi. Daktari hana namna nyingine ya kujua. Akiona mistari myeusi, anafungua na kukata.

Fundi Mvuke, mzee aliyenifundisha kazi kabla hajastaafu, aliniambia siku ya kwanza, "Humu ndani hutakaguliwa na mtu. Mgonjwa amelala, daktari haoni vijidudu. Mkaguzi ni wewe. Ukijidanganya, umeua."

Niliitikia kwa adabu zote. Mwezi mmoja kabla ya siku ninayotaka kuwasimulia, nilichukua utepe mtupu wenye urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, nikaubandika ubavuni mwa kikapu, nikauacha uingie kwenye mvuke pamoja na vifaa vya watu. Ulitoka mistari yote myeusi, haujafunga kitu chochote. Nikaubandua taratibu, nikauweka kwenye droo yangu yenye kufuli.

Nilijiambia ni akiba ya dharura. Dharura ya nani, sikujiuliza.

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Asubuhi binti yangu Kidoti, mwenye miaka minane, alisukuma kikombe cha chai pembeni na kushika tumbo.

"Baba, linaniuma hapa."

"Tumbo ndilo linalouma, au ni mtihani wa hesabu?" nikamtania huku navaa viatu. Akili yangu yote ilikuwa saa nne. Saa nne kamili kikosi changu kilikuwa na fainali.

Kidoti akajilazimisha kucheka. Alipohakikisha mama yake yuko jikoni, akaniletea mdomo sikioni.

"Ni leo, Jemedari?"

Jemedari ndilo jina langu mchezoni. Na ndiyo, mtoto alikuwa anajua. Jumapili moja nilipoileta simu ya pili nyumbani aliifuma mkononi mwangu, akauliza ni ya nani. Nikamwambia hiyo ni siri ya jeshi, na askari mzuri hatoi siri. Akapiga saluti. Tangu hapo mwanangu wa miaka minane alikuwa ananisaidia kumdanganya mama yake, na mimi nikaona nina mtoto mwerevu.

"Ni leo," nikamnong'oneza.

Akapiga saluti yake, akaenda shule amejikunja.

*

Saa nne kasorobo Sista Mkuu wa chumba cha upasuaji alikuja kwenye kidirisha changu.

"Kaka, saa tano nina mama mmoja wa uvimbe. Seti kubwa iko tayari?"

"Inaingia sasa hivi, Sista."

"Na kikadi cha ndani umeweka?"

Kikadi ni ushahidi wa pili. Kinakaa katikati ya seti na chenyewe kinabadilika rangi, ili kama utepe wa nje umewadanganya, cha ndani kiseme kweli.

"Stoo hawajaleta, Sista."

"Mwezi mzima sasa?"

"Si unawajua stoo."

Akasonya, akaondoka. Vikadi vilikuwepo, boksi zima, chini ya sinki langu. Lakini kila kikadi kinataka kuandikwa namba, kupachikwa, kuja kutolewa na kubandikwa daftarini, na muda huo mimi niliuhitaji kwa mambo mengine. Mwezi mzima nilikuwa nawasingizia stoo, na Sista alikwisha zoea kufungua seti isiyo na kikadi.

Nikaiingiza seti kubwa ndani ya Shangazi. Mlango wake una gurudumu ambalo unalizungusha kwa mikono miwili mpaka likatae. Nililizungusha kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika simu, na simu ilikuwa imeanza kuhesabu: tano, nne, tatu.

Nikaingia kwenye kichumba cha vitambaa, nikaziba masikio kwa spika ndogo za masikioni, vita ikaanza.

"Jemedari, kushoto! Kushoto!" alipiga kelele Kisu Butu, msaidizi wangu. Sijawahi kumwona, sijui anaishi wapi wala anafanya kazi gani, lakini sauti yake niliisikia mara nyingi kuliko ya mama yangu mzazi.

Simu ya vitufe ikaanza kutetemeka mfukoni. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena.

"Kuna mtu ananisumbua, nitoke kidogo," nikamwambia Kisu Butu.

"Utoke uende wapi? Ukitoka tumekwisha! Watu wanne wanakutegemea, Jemedari, usitutupe!"

Maneno hayo yaliniingia. Sikumbuki lini mtu kazini aliwahi kuniambia kuna anayenitegemea. Nikaitoa simu ya vitufe bila kuitazama, nikaitumbukiza kwenye rundo la vitambaa ili isinipigie kelele.

Tulipigana saa nzima. Na tulishinda, ndugu zangu. Kisu Butu alilia kwa furaha, wenzake wakaliimba jina langu, na mimi nikarusha ngumi hewani peke yangu katikati ya mashuka ya hospitali.

Nikatoa spika masikioni.

Kulikuwa kimya. Saa hiyo hakukutakiwa kuwa kimya.

Nilitoka mbio. Sakafu mbele ya Shangazi ilikuwa imelowa na mshale wa kipimo umelala kwenye sifuri. Mlango ulivujisha, mvuke haukupanda, mashine ikapiga kelele zake zote, hakuna aliyeitika, ikajizima yenyewe. Nikafungua na kuigusa seti kubwa. Ilikuwa vuguvugu. Mistari ya utepe ilikuwa imepauka vilevile nilivyoibandika.

Kidirisha kikagongwa.

"Seti!" ilikuwa sauti ya Sista Mkuu. "Mgonjwa yuko mezani!"

Njia ya halali niliijua. Unasema mashine imegoma. Unafungua kila kitu, unafunga upya, unarudisha kwenye mvuke. Saa moja na nusu. Lakini angeuliza imegoma saa ngapi, na mimi wakati huo nilikuwa wapi.

"Dakika moja, Sista!"

Nikafungua droo. Nikabandua utepe uliopauka, nikakata kipande cha utepe wa akiba. Gundi yake ilikuwa imechoka, kwa hiyo nikashikiza kona moja kwa plasta nyeupe upande wa chini. Nikaandika tarehe na saa. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo.

Mtaniuliza kama nilimfikiria yule mgonjwa. Nilimfikiria. Nikajiambia watampa sindano za kuzuia vidonda visioze, na watu huwa wanapona.

Sista akaipokea seti, akaishika kwa mikono miwili.

"Mbona haina joto?"

"Nimeipoza kwa feni. Juzi si mlilalamika inawaunguza?"

Akautazama utepe. Mistari myeusi tii. Akanitazama mimi.

"Umetoka jasho, kaka."

"Shangazi leo yuko moto."

Akaondoka nayo.

Nilirudi kwenye vitambaa, nikafukua simu ya vitufe. Mke wangu alikuwa amenipigia mara kumi na moja. Chini yake kulikuwa na ujumbe mmoja:

"Baba Kidoti shika simu. Mtoto kaanguka shule. Tuko hapahapa hospitalini kwako. Wanasema kidole tumbo, anaingia kupasuliwa sasa hivi. Uko wapi?"

*

Chumba cha upasuaji tunacho kimoja, na dharura ndiyo inayotangulia. Kabla ya kukiingia kuna mstari mwekundu sakafuni. Viatu vya nje haviuvuki, hata daktari anabadilisha. Mimi niliuvuka na buti zilizolowa, nikausukuma mlango kwa bega.

"Msiifungue! Msiifungue hiyo seti!"

Daktari alikuwa amesimama, mikono yenye glavu imeinuliwa juu. Sista Mkuu alikuwa mbele ya meza ya vifaa, vidole viwili vimekwisha shika kona ya utepe. Wote waliganda.

Nikatazama kitandani.

Hakuwa Kidoti. Alikuwa mama mtu mzima, nywele zake zimefunikwa kofia ya karatasi. Alikuwa hajapewa dawa ya usingizi bado, na macho yake yalikuwa wazi kabisa yakinitazama.

Nimeahidi kuwaambia ukweli kwenye safu hii, basi shikeni huu. Moyo wangu ulitulia, nikapumua. Siyo mwanangu. Na palepale ulimi ukaanza kutengeneza uongo mwingine: samahani, nimekosea chumba, endeleeni. Nilikuwa nimekwisha rudi hatua moja nyuma.

"Kuna nini, mwanangu?" akauliza yule mama.

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeona mimi ndiye mgonjwa. Sikuweza.

"Hiyo seti haijaiva," nikasema.

"Umesema nini?" Daktari akauliza.

"Haikupata mvuke. Mashine ilijizima. Utepe huo nimeubandika mimi, ni wa zamani."

Sista akaubandua utepe, akaugeuza. Akaiona plasta.

"Ndiyo maana haikuwa na joto," akasema. "Na mimi nilikuuliza."

"Mtoeni mama," Daktari akaamuru. "Leo hakatwi mtu kwa hii."

Walipokuwa wanamsukuma kupita mbele yangu, yule mama akanishika kidole.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akubariki."

"Usimshukuru huyu, mama," Sista akasema kwa ukali. "Tafadhali, usimshukuru."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini ardhi huwa haina haraka na watu wa aina yangu.

"Lawama baadaye," Daktari akasema huku anavua glavu. "Nje kuna mtoto wa kidole tumbo, majibu ya damu yametoka, na huyo hawezi kungoja kesho. Sista, seti ya watoto iko kabatini?"

"Iko."

"Leta."

Tulitoka wote kwenye korido. Mke wangu alikuwa pale, futi kamba ya ushonaji bado inaning'inia shingoni; alikuwa ametoka mbio kwenye cherehani yake. Kidoti alilala kitandani pembeni yake, amekunja magoti, midomo imekauka.

"Nimepiga simu mpaka kidole kimekufa ganzi," mke wangu akaniambia kwa sauti ndogo. "Ulikuwa wapi, Baba Kidoti? Hatua hamsini. Ulikuwa hatua hamsini kutoka hapa."

Papo hapo Sista akarudi na seti ya watoto mikononi. Kifurushi kidogo, safi, mistari ya utepe myeusi tii. Akaisogeza karibu na macho yangu.

"Alhamisi iliyopita," akasoma. "Mwandiko wako. Hakuna kikadi, maana stoo hawajaleta."

Nikaangalia buti zangu zilizolowa.

"Hii nayo?" akauliza.

"Hii nayo ina nini?" Mke wangu akadakia. "Kuna nini? Mbona hamuelezi mtu?"

"Mumeo ana utepe wa kutudanganyia, mama. Leo kaufunga kwenye seti ambayo haikuchemshwa. Sasa namuuliza hii ya mtoto wake aliichemsha au hakuichemsha."

Mke wangu akanigeukia. Ule uso niliujua, ndio aliokuwa nao akiningoja niape.

Nilifumba macho nikajaribu kupiga hesabu. Utepe wa akiba ulikuwa urefu wa kiwiko hadi vidole. Niliukata mara moja, wiki tatu nyuma, kwa kifurushi cha taulo. Leo nimekata mara ya pili. Kila kipande ni nusu shubiri. Droo ilipaswa kubaki na kipande cha shubiri nzima.

Lakini muda mfupi uliopita, nilipokuwa nafunga droo, nilikiona kilichobaki. Kilikuwa urefu wa kidole.

Kuna mahali nilikata mara ya tatu. Ufunguo wa droo ile ninao mimi tu.

Nikajitahidi kuikumbuka Alhamisi. Ilikuja yote, wala sikuisumbukia. Tulivamiwa saa tatu na nusu. Kisu Butu alianguka wa kwanza. Nilishika lango la mashariki peke yangu dakika saba, na risasi zikaniishia nikiwa nimebakiza adui mmoja. Ningeweza kuwachorea ramani. Lakini mikono yangu ikiiweka seti ya watoto ndani ya Shangazi, au ikiiacha mezani na kufungua droo, hiyo sikuiona popote.

"Kaka, nijibu," Sista akasema. "Ndiyo au hapana?"

Ndiyo ingempeleka mwanangu ndani dakika ileile. Hapana ingekuwa uongo vilevile.

"Sijui," nikasema.

"Hujui vipi?" Mke wangu akauliza. "Ni kazi yako. Hujui vipi?"

"Sikumbuki, Mama Kidoti. Wallahi sikumbuki."

Daktari akamnyang'anya Sista kile kifurushi, akakitupa kwenye kikapu cha vitu vichafu.

"Kila kitu kilichomo kabatini kirudi kwenye mvuke. Kila kitu. Anzeni na cha mtoto. Itachukua muda gani?"

"Saa moja na nusu," Sista akajibu.

Daktari akambonyeza Kidoti tumbo upande wa kulia, akaachia. Mtoto alitoa sauti ambayo sitaki kuiandika.

"Mama, sikufichi," akamwambia mke wangu. "Hiki kinaweza kupasuka wakati wowote. Kumhamisha kwenda hospitali nyingine ni saa mbili na zaidi barabarani. Tutangojea hapa. Nani mwingine anaendesha ile mashine?"

Sista akanitazama, halafu akatazama chini.

"Hakuna. Tangu mzee astaafu, ni huyu peke yake."

Nikaangalia mikono yangu, nikaona bado ina weusi wa wino wa tarehe niliyoiandika.

"Basi ataendesha," mke wangu akasema. "Na mimi nitasimama nyuma yake. Akipepesa macho, nitamuuliza anapepesa nini."

Ndipo Kidoti akafumbua macho. Alinitafuta mpaka akaniona, akanyanyua mkono polepole hadi kwenye paji la uso. Maumivu yalimfanya asiufikishe vizuri.

"Jemedari," akaninong'oneza, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Tumeshinda?"

Mke wangu alinisogelea, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yangu, akaitoa simu ya pili.

Hiyo ilikuwa bado ina joto.